Koo la Honi

Mbiu ya mgambo inatajwa na kila aliyepita shule ya msingi, lakini wanaojua kwamba mbiu yenyewe ni pembe wanazidi kupungua. Ilikuwa pembe ya mnyama, aghalabu nyati, iliyotobolewa tundu la kupulizia, na ikilia mji mzima ulijua kuna jambo. Siwa za Pate na Lamu, ile iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na ile ya shaba, ni za ukoo huohuo, ingawa zenyewe zililia kwa ajili ya watawala na sherehe za wakubwa. Huku kusini, kutoka Masasi mjini kuelekea Lupaso na kupanda hadi Newala kwenye uwanda wa Makonde, kazi ya mbiu ilikuja kushikwa na chombo kinachoitwa kwa neno moja tu, honi: bakuli la alumini lenye mdomo mpana, lililofungwa juu ya nguzo, kwenye mnara wa kanisa au ukingoni mwa paa la msikiti, na nyuma yake uvimbe mdogo wenye sumaku. Honi ya zamani iliyoachwa hufa taratibu. Kutu hula skrubu, nyigu hujenga ndani, waya hukatika, na mwisho wake ni mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ninachotaka kutetea ni kwamba honi hizo zinastahili kuchunguzwa na kufufuliwa, kwa sababu nzito kuliko mapenzi ya vitu vya kale. Honi ilichagua. Kuna sauti ilizozipeleka mbali na kuna sauti ilizozikatalia kooni, na historia ya nani alisikika katika sehemu hizi haiwezi kuandikwa sawasawa na mtu asiyejua uchaguzi huo ulifanyika vipi.

Tuanze na koo, maana mambo yote yanatokea hapo. Mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde huzungushia mdomo viganja viwili, na ana sababu. Hewa ni nyepesi mno. Kitu kigumu kikitikisika katika hewa iliyo wazi, hewa hukikwepa, hukimbilia pembeni, na nguvu nyingi hupotea kabla ya kuwa sauti. Spika ya kawaida ya karatasi hugeuza kuwa sauti kama asilimia 1 tu ya umeme inaopewa; uliobaki huishia kuwa joto. Honi huizuia hewa isikimbie. Kiwambo chake kidogo, ambacho kingetosha kwenye kiganja, husukuma hewa iliyobanwa katika tundu jembamba, kisha tundu hilo hupanuka kwa kanuni: kila baada ya urefu uleule, eneo lake huwa maradufu. Mgandamizo wa kooni hugeuka polepole kuwa mwendo mpana wa mdomoni, na umeme uleule huzaa sauti mara kumi au zaidi. Mlinganyo wa jambo hili ulichapishwa na mwanafizikia wa Marekani, Arthur Gordon Webster, mwaka 1919, mwaka uleule ambao Rais Woodrow Wilson alihutubia umati mkubwa mjini San Diego kupitia honi za Magnavox. Mwaka 1926 kampuni ya Western Electric ilitoa yuniti yake ya 555, yaani kile kiini chenye sumaku na kiwambo, kwa ajili ya sinema zilizoanza kuzungumza. Kiwambo chake kilikuwa cha aloi ya alumini nyembamba kuliko ukucha, na sumaku yake ilikuwa ya umeme, ikihitaji volti 7 muda wote wa kazi. Amplifaya za valvu za wakati ule zilitoa wati chache, hivyo honi ilikuwa lazima. Sababu hiyohiyo inaeleza kwa nini chombo hiki kilikubalika vijijini kwetu: mahali ambapo umeme wote unatoka kwenye betri ya gari, spika inayopoteza asilimia 99 ya chakula chake ni anasa.

Lakini koo hilo linatoza ushuru. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4 hivi, na ili honi ilitoe bila kulirudisha ndani, mzingo wa mdomo wake unapaswa kuukaribia urefu huo, yaani mdomo wenye upana wa zaidi ya mita moja. Honi za majumba ya sinema zilifikia huko. Honi ya nguzoni ina upana wa sentimita 30 hadi 50, tena imekunjwa: sauti huenda mbele, hurudi nyuma, huenda mbele tena, ili koo refu lienee ndani ya bakuli fupi na mvua isikifikie kiwambo. Chini ya mitetemo 300 hivi haitoi kitu cha maana. Kinachobaki ni kilekile kinachopita kwenye simu, na ndicho kinachobeba konsonanti. Watu wengi huona hapo kasoro. Mimi naona hapo umbo la kazi yake. Kiswahili hulishibisha sikio kwa irabu zilizo wazi, ila maana mara nyingi hukaa kwenye konsonanti. Fika na shika zinatofautiana kwa mkwaruzo mmoja wa mwanzo. Kura na kula zinatofautiana kwa kitu kidogo zaidi, mabadiliko ya sauti za juu, na spika yenye besi nene huyafunika huku ikisifiwa kwa utamu. Honi nzima, iliyoelekezwa vizuri, huyafikisha mbali. Honi yenye kiwambo kilichopasuka, au koili, yaani waya uliozungushwa unaokitikisa kiwambo, inayokwaruza kwenye chuma cha sumaku, huyameza, na aliye shambani hupata kelele isiyo na habari.

Sehemu hizi zilikutana na koo la namna hii mapema, tena kutoka upande usiotarajiwa. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijaisha, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alitoka Lindi akapita Masasi, Chingulungulu na Newala hadi Mahuta, akiwa na askari, kamera ya sinema na fonografu. Fonografu hiyo haikutumia umeme kwa sauti. Mwimbaji alisogezwa mbele ya mdomo wa pembe, sauti yake ikabanwa kuelekea kooni, ikatikisa kiwambo, na ncha kali ikachora nta iliyokuwa inazunguka. Pembe ambayo ikigeuzwa hupaza, hapa ilikuwa sikio. Nyimbo alizozinasa ziliingia katika Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na kuwekwa na UNESCO mwaka 1999 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Sasa, rekodi yoyote ya aina ile, iwe imetoka Newala au Vienna, humleta mbele aliyesimama karibu na pembe na kumfuta aliyekuwa hatua kumi nyuma yake. Kiitikio hufifia. Ngoma kubwa hupoteza tumbo lake na kubaki kama ubao unaogongwa, kwa kuwa mdomo wa pembe ni mdogo mno kupokea mawimbi yake. Mtafiti akiandika kutokana na nta hiyo kwamba Wamakonde au Wayao wa 1906 waliimba hivi, ameandika habari za pembe akidhani anaandika habari za watu. Na kuna uchaguzi wa pili juu ya ule wa fizikia: aliyesogezwa mbele ya mdomo alichaguliwa na mwenye mashine, katika nchi ambayo ilikuwa imetoka kuchomwa moto. Hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja, na la kwanza halisomeki bila mtu kuwa na pembe halisi mkononi, aipime, aijue.

Lugha yetu imelihifadhi jambo hili kwa njia yake. Neno kipaza sauti hutumika kwa kile kinachowekwa mbele ya msemaji na pia kwa kile kinachoning'inia juu ya nguzo. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni uzembe, wakataka kila kimoja kipewe jina lake. Kwa fizikia, waliounganisha hawakukosea: yuniti ya honi, waya zake zikipelekwa kwenye mlango wa kuingizia sauti wa amplifaya, hunasa sauti badala ya kuitoa. Kinachobadilika ni nani yuko upande wa koo na nani yuko upande wa mdomo. Redio ilipoingia, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kwa miaka mingi kusikiliza lilikuwa jambo la kukusanyika. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi, ilijengwa juu ya desturi hiyo. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso aliyezikwa hukohuko Julai 2020, alikuwa mhariri wa magazeti na mkurugenzi wa shirika la habari la SHIHATA kabla ya kuwa rais, na katika urais wake wa 1995 hadi 2005 alilihutubia taifa kila mwisho wa mwezi. Hotuba hizo zilikusanywa hata kuwa vitabu. Kilichosemwa kwa hiyo hakikupotea. Kilichosikika ni habari nyingine. Pale ambapo redio iliwekwa mbele ya kipaza sauti ili wengi wasikie, maneno yaliyomfikia mtu anayepalilia mikorosho yake mita 400 kutoka hapo yalikuwa yamepita kwenye koo jembamba, yamevuliwa uzito, yamekatwa na upepo. Vitabu na kanda vinatunza upande wa msemaji. Upande wa msikilizaji, kwa kadiri unavyoweza kutunzwa hata kidogo, umo ndani ya honi.

Na mwili wa honi unasomeka kwa mwenye subira. Jina lililopigwa chapa mgongoni, liwe TOA ya Kobe au Ahuja ya India, huwa la kwanza kutazamwa na la mwisho kwa umuhimu. Sumaku inasema zaidi. Za zamani nyingi zilikuwa za alniko, aloi yenye alumini, nikeli na kobalti. Mwaka 1978 vita vya jimbo la Shaba vilipofika Kolwezi, nchini Zaire, katika migodi iliyokuwa inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, bei ilipaa na watengenezaji wa spika wakakimbilia ferraiti, sumaku nyeusi, pana na rahisi. Ferraiti ilikuwepo hata kabla, kwa hiyo yenyewe haithibitishi kitu. Lakini fundi wa Masasi anayefungua yuniti akakuta kinofu cha alniko ana sababu nzuri ya kuitafuta tarehe yake kabla ya mwaka ule. Itamlazimu pia awe mwangalifu. Alniko ikitolewa ndani ya chuma kinachoizunguka, nguvu zake hushuka, na ikirudishwa haizipati tena mpaka ichajiwe upya kwa mashine. Anayefungua kwa udadisi tu anaweza kuiua honi aliyokuja kuiponya. Kisha kuna transfoma ndogo chini ya kifuniko cha nyuma. Ikiwepo, honi hiyo ilikuwa kwenye mtandao wa volti 100, ambapo amplifaya moja hulisha honi nyingi kwa waya mrefu na mwembamba. Transfoma ina ncha kadhaa, za wati 5, 10, 15, na ile yenye lehemu kuukuu inaonyesha honi hii ilipewa sauti kiasi gani kati ya wenzake: nani alipelekewa kelele na nani alipelekewa mnong'ono. Honi isiyo na transfoma ilikaa karibu na amplifaya yake, pengine juu ya gari la matangazo. Ushahidi huu hautoshi kuandika historia ya kijiji, lakini hakuna jalada lolote lenye habari hizo, na fundi akiyeyusha lehemu ile bila kuiandika, habari imekwisha.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaoikumbuka honi kama chombo cha amri. Wanasema sauti ya juu ya nguzo haikuwa na nafasi ya kujibiwa. Novemba 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, Mtwara ilikuwa imekwisha kutangulia, kwa sababu ya vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Watu walihamishwa, na wengine waliacha nyuma mikorosho iliyokuwa inazaa. Kwa nini tuhangaike kufufua mdomo wa mambo hayo? Sioni haja ya kupunguza uzito wa swali hili. Ni kweli kwamba honi huweka msemaji mmoja juu na wengine wote chini. Lakini barua za amri tunazihifadhi, sahihi na mihuri tunaihifadhi, na hakuna anayesema kwamba kuzitunza ni kuzitii. Honi ni ushahidi wa aina hiyo, na una kitu ambacho karatasi haina: unauonyesha kwa macho usemi ule wa upande mmoja, mdomo mpana ukielekea kwa watu na koo jembamba likielekea ofisini. Wengine wanalalamikia kelele za leo, vipaza sauti vinavyoshindana alfajiri wakati wagonjwa na watoto wamelala, na wana haki. Ila mara nyingi kelele hizo ni matokeo ya chombo kibovu. Kiwambo kikipasuka maneno hayaeleweki, mwendeshaji huongeza sauti, kwa kuongeza huko kiwambo hupasuka zaidi. Honi iliyotengenezwa sawasawa inaweza kupunguzwa na bado ikaeleweka.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa honi wenyewe. Japani, Ulaya na Marekani kuna watu wanaotafuta yuniti za Western Electric za miaka ya 1920 na 1930, wanazijengea mapembe makubwa ya mbao sebuleni, wanasikiliza muziki, na ustadi wao wa kupima na kurekebisha ni wa kuheshimiwa. Kwa macho yao honi ya nguzoni haifai kufufuliwa ila kwa kuboreshwa: kiwambo cha kisasa, kichujio kinacholainisha ukali, spika ya besi pembeni. Nakataa, na hapa ndipo utafiti na ufundi vinapokutana. Chombo kilichochagua kwa namna fulani kikirekebishwa kisichague tena hivyo, kimeacha kuwa ushahidi. Je, basi fundi asibadilishe kiwambo kilichokufa? Abadilishe. Ngoma inayowambwa ngozi mpya haiachi kuwa ngoma ileile, na neno kiwambo limetoka hukohuko kwenye kuwamba. Wapigaji wa ngoma huku kusini huisogeza ngozi kwenye moto mpaka ikaze, wakaijaribu, wakaisogeza tena, na mtu anayejua sauti iliyotakiwa hahitaji ngozi ya mbuzi yuleyule. Kinachotakiwa ni kiwambo cha uzito na ugumu ulio karibu na kile cha kwanza, kama kilikuwa cha kitambaa kilichogandishwa kwa utomvu wa kiwandani basi kisiwe cha bati, koili yenye ukinzani uleule, na cha zamani kifungwe kwenye karatasi kihifadhiwe pamoja na honi. Rangi ya nje iachwe ilivyo isipokuwa penye kutu inayokula. Mbonyeo wa mdomoni unyooshwe tu ikiwa unakwaruza sauti.

Kuhusu hoja kwamba spika ndogo za kisasa zenye betri na kadi zimeimaliza kazi ya honi, sina mengi. Ni nzuri kwa harusi na kwa muziki wa barazani. Kuita watu waliotawanyika mashambani ni kazi nyingine, na sheria za hewa hazijabadilika tangu mbiu.

Hewa, kwa kweli, ndiyo sehemu ya honi inayosahaulika kila inaposhushwa nguzoni. Masasi imezungukwa na milima ya mawe matupu, na jiwe lililo mita 170 kutoka kwenye mdomo wa honi hurudisha neno baada ya sekunde moja, likagongana na neno linalofuata. Newala iko ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, na sauti inayotolewa kuelekea genge haikutani na kitu cha kuirudisha. Mchana wa jua kali, ardhi ikiwa ya moto, sauti hupinda kwenda juu na kuwapita watu; usiku na alfajiri, hewa baridi ikiwa imelala chini, sauti ileile hupinda kurudi ardhini na kufika mbali maradufu. Hivyo honi iliyoletwa mezani bila kuandikwa ilielekea wapi, ilikuwa juu kiasi gani na ilitumiwa saa ngapi, imekwisha kupoteza nusu ya mambo yake kabla fundi hajashika bisibisi. Kazi ya kwanza ni chaki kwenye nguzo na mstari mmoja wa daftari, na kuwauliza wazee wanaoishi kuizunguka ni wapi ilisikika na wapi haikusikika. Kazi ya mwisho ni kuirudisha palepale na kuijaribu kwa maneno. Mtu mmoja asome kwa amplifaya orodha iliyochanganywa, fika, shika, kura, kula, kila neno mara moja, bila kulirudia. Wengine wasimame mita 100, 200 na 400, kwanza alfajiri, kisha saa sita mchana, kila mmoja akiandika neno alilolisikia na kuacha wazi pale asiposikia. Aliye kwenye amplifaya hana la kufanya wakati huo ila kungoja karatasi zirudi kutoka mashambani.